Kukagua Mikanda ya Mkwe

Mmeniomba niandike kabla sijasahau, nami nimekubali kabla hamjabadilisha nia. Nimestaafu mwezi uliopita. Meza ya kukunjia parachuti sasa ni yenu, pamoja na ile cherehani nzito ambayo ukiiharakisha inakata uzi kwa makusudi. Mambo ya vyeo nayaacha. Cheo changu kilikuwa kimoja miaka yote, nacho ni Mathe, yaani mama wa wote.

Kwa wale mlioajiriwa juzi, mimi ni Rispa, Mama Nafula. Nilizaliwa Bondeni, Nakuru. Babu yangu alitoka magharibi kufuata kazi ya reli, akabaki. Kabla ya kuja hapa kwenye uwanja wa ndege nilikuwa Mai Mahiu nikishona maturubai ya malori. Dereva wa lori hana muda wa hadithi. Anataka turubai lake liwe tayari kabla chai haijapoa, na likifumuka njiani atarudi kukuonyesha, tena mbele ya wateja. Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Siku moja akaingia mzee mrefu akiwa na mkoba wa kitambaa kigumu uliofumuka pembeni. Akauweka mezani kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mama, unaweza kushona hapa? Mishono iwe sawa yote, bila kuruka hata mmoja."

"Ni ya lori gani?"

"Si ya lori. Ni ya mtu."

Nilidhani ananitania. Huyo alikuwa Mzee Odhiambo, aliyekuwa amekunja parachuti jeshini miaka mingi, na sasa ndiye fundi wa klabu ya warukaji huku karibu na Naivasha. Nilipomaliza alitoa kioo cha kukuzia mfukoni, akaufuata mshono wangu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia nije Jumatatu. Hakuniuliza kama nataka kazi.

Jumatatu hiyo sikushona chochote. Nilikunja. Parachuti ikitandazwa kwenye mkeka ni kubwa kuliko chumba nilicholelewa, na inabidi iingie yote kwenye mkoba usiozidi mto wa kulalia. Nilikunja tangu asubuhi hadi saa nane, magoti yakiuma, na nilipofunga mkoba nikajiona mtu wa maana. Mzee Odhiambo akaanza kuhesabu vifaa mezani. Kulabu moja, ipo. Mkasi, upo. Vifuko vya mchanga vya kukandamizia vitatu, vipo. Sindano tatu.

"Zilikuwa nne," akasema.

"Labda imeanguka."

"Labda imeanguka ndani. Fungua yote."

Nikafungua yote. Nikatafuta kwenye kila kunjo, kamba kwa kamba, huku nikimtukana moyoni kwa lugha ya mama. Sindano ilikuwa kwenye kola ya blauzi yangu, mahali ambapo kila fundi nguo wa nchi hii huichomeka bila kufikiri. Mzee hakucheka. Alinionyesha mkeka tu, nikakunja upya, na nikafika nyumbani giza limeshaingia. Tangu siku hiyo sijachomeka sindano kwenye nguo yangu, hata kanisani nikiombwa kumshonea mtu kifungo.

Watu huniuliza kama nimewahi kuruka. Sijaruka. Mwoka keki za harusi haolewi kila Jumamosi. Warukaji wapya wakisikia hivyo hushtuka kidogo, halafu huanza kunikunjulia uso, maana wanajua kwamba mimi sina haraka ya kwenda popote.

Mzee Odhiambo alinifundisha miaka sita, kisha akarudi kwao kufuga nyuki, ambao alisema wana nidhamu kuliko sisi. Alikuwa ameshaondoka wakati suti za mabawa zilipoanza kuonekana hapa. Mnazijua, lakini nawaeleza nilivyoziona siku ya kwanza. Ni nguo nzima kuanzia shingoni hadi miguuni, ina kitambaa kati ya mkono na ubavu, na kingine kati ya miguu. Mtu akijitupa kutoka kwenye ndege haanguki moja kwa moja. Anateleza mbele kama popo, anaweza kutokea upande wa mlima Longonot akaja kufungua parachuti juu ya uwanja wetu. Chini akitembea nayo anafanana na mtu aliyejifunga blanketi akitafuta choo.

Suti hizo zilituletea mambo mawili: kazi ya kushona na mabishano. Hapo kando ya banda la ndege kuna benchi refu, nanyi mnajua kwa nini linaitwa Bunge. Spika alikuwa Kiprop, mhandisi wa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, mtu makini aliyeruka mara nyingi kuliko wote na asiyekubali hoja bila ushahidi. Upinzani uliongozwa na Njoki, msimamizi kwenye shamba la maua, ambaye alikuwa anabisha hata kama wanakubaliana. Walibishana kuhusu kamera kwenye kofia, kama inamfanya mtu asahau kimo chake. Walibishana kuhusu upepo wa saa tano, ule unaoinua vumbi huku chini hadi juu, kama ni wa kurukia au wa kwenda nyumbani. Walibishana jinsi ya kupishana hewani, mandazi yakipoa.

Mjadala mkubwa kuliko yote ulianzia kwangu. Mkoba wa parachuti una mikanda miwili inayozunguka mapaja, na hiyo ndiyo inayokubeba parachuti ikifunguka. Mrukaji wa kawaida akisahau kuifunga atajua, kwa sababu inaning'inia wazi na kila mtu anaiona. Kwenye suti ya mabawa mikanda iko ndani. Ukishavuta zipu haionekani, na mbaya zaidi, suti yenyewe inakubana mapaja, kwa hiyo mwili unakudanganya kwamba umefungwa. Hilo ni kosa la warukaji wa suti peke yao, na linawapata wazoefu kuliko wageni. Parachuti ikifunguka, mtu huyo anabaki ameshikiliwa na mkanda wa kifua na bahati.

Nikapendekeza nikate vidirisha kwenye mapaja ya suti, mikanda ionekane.

"Mathe, ukikata hapo upepo utaingia," akasema Kiprop. "Nitajikuta Narok."

"Narok pia ni Kenya," akajibu Njoki.

"Wewe Njoki, hii ni safety, si comedy!"

Wakabishana wiki tatu. Mwishowe tukakubaliana hivi: kabla ya kupanda ndege, kila mwenye suti ya mabawa anafungua zipu kidogo, mimi naingiza mkono, navuta mkanda wa kushoto, navuta wa kulia, nasema "Imefunga." Wanaume wengine waliona haya. Mmoja alisema mtu mzima hakaguliwi kama mtoto wa nasari. Nilimwambia nimelea watoto wanne, na paja lake si habari mpya kwangu. Baada ya mwezi wakazoea, wakawa wanakuja wenyewe wakiwa wameshafungua, huku wakiendelea kubishana juu ya kichwa changu.

Sasa nifike kwa Nafula. Binti yangu alikuja Jumamosi moja kuniletea miwani niliyoisahau nyumbani. Miwani ilinifikia baada ya saa nzima, kwa sababu njiani alikutana na Kiprop, naye alikuwa na maelezo marefu kuhusu mvuke. Niliivaa, nikaendelea kushona. Mwaka uliofuata wazee wa Kiprop walikuja kwetu magharibi, wakanywa chai, wakaongea mambo ya ng'ombe wa mahari kwa upole, na nikapata mkwe.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na wale mnaotoka kwetu mmeshaiona. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani kila mmoja anaelekeza macho kwingine. Si chuki, ni heshima. Kwao Kiprop nako wana heshima yao isiyo mbali na hiyo. Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba kila Jumamosi mama mkwe ataingiza mkono kwenye mapaja yake.

Jumamosi ya kwanza baada ya mambo ya ng'ombe tulisimama mbali hatua tano, mimi natazama kitambaa cha kuonyesha upepo, yeye anatazama viatu vyake. Njoki akatuokoa.

"Mathe, nitamkagua mimi," akasema. "Mimi si mkwe wa mtu hapa."

Tukakubaliana hivyo, na kwa zaidi ya mwaka mmoja Njoki alimkagua Kiprop bila kukosa. Nami nikatulia. Nikirudi nyuma sasa naona pale ndipo nilipokosea. Niliacha ukaguzi wa mtu mmoja utegemee urafiki wa watu wawili ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kugombana.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, hewa safi. Siku hiyo kulikuwa na mwanabenki kutoka Nairobi aliyetaka kuruka na suti ya mabawa kwa mara ya kwanza. Kawaida mtu hupewa suti akiwa na miruko mia mbili ya kawaida. Yeye alikuwa amepungukiwa kidogo. Bunge likawaka.

"Kidogo ni kidogo," Njoki akasema. "Huyu ameruka vizuri kuliko wengi wenu. Hewa haihesabu."

Kiprop wakati huo alikuwa ndani ya banda akivaa suti mpya. Akatoka nusu amevaa, mkono mmoja hewani.

"Hewa haihesabu, lakini mimi nahesabu! Tukianza kupunguza leo kumi, kesho ni hamsini!"

"Aki wewe ukipewa nchi utataka watu wawe na cheti cha kupumua."

"Na wewe ukipewa nchi tutazikwa wote by Monday!"

Waliongea hivyo dakika kumi, na katika dakika hizo mikono ya Kiprop ilimaliza kumvalisha bila yeye kuwepo. Aliingiza mikono kwenye mabawa, akafunga kifua, akavuta zipu za miguu hadi chini. Alikuwa anatetea usalama kwa nguvu zake zote. Mwanabenki aliambiwa asubiri, Njoki akakasirika, akaja kwangu nikamkagua, akawa wa kwanza kupanda ndege, akaenda kukaa nyuma ya rubani bila kumwangalia mtu.

Nikawakagua wengine watatu. Kiprop akaja wa mwisho. Akasimama hatua zake tano.

"Njoki amekukagua?" nikauliza nikitazama kitambaa cha upepo.

"Niko sawa, mama."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Niliuliza jambo moja, akanijibu lingine. Fundi yeyote hapo anauliza tena. Mimi sikuuliza tena, kwa sababu ni mkwe, na kumhoji mkwe mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Nikampisha.

Akainua mkono kushika chuma cha juu ya mlango ili ajivute ndani, na mkoba ukapanda mgongoni mwake hadi kisogoni. Ulipanda tu, ukashuka. Rubani hakuona, wala Njoki. Lakini mimi nimeshona mikoba hiyo miaka kumi na saba, na mkoba uliofungwa miguuni haupandi, hata mtu akiruka kama mbuzi. Mlango ukavutwa. Ndege ikaanza kusogea.

Redio ya kumwita rubani ilikuwa kwenye chaji ndani ya banda. Nawaomba redio isikae kwenye chaji wakati ndege inapakia, hilo ni agizo. Nilijua ndege lazima iende hadi mwisho wa uwanja igeuke ikabili upepo, kwa hiyo nikakata katikati ya nyasi. Nina gambuti, nina goti bovu, nina aproni nyekundu, nakimbia. Pale mwisho nikasimama mahali rubani ataniona, nikaivua aproni na kuipunga. Kanuni inasema hakuna mtu kuikaribia ndege inayotembea. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na imebandikwa ukutani. Msinifuate.

Ndege ikasimama. Nikasubiri hadi propela ikaacha kuzunguka, nikazunguka kwa nyuma, nikafungua mlango. Rubani alikuwa anapiga kelele kwamba nataka kufa. Kiprop alikuwa mlangoni kabisa, kwa kuwa alipanda wa mwisho. Njoki alikuwa mbele, wengine watatu wamejaa katikati yao.

"Kiprop, fungua zipu."

Sikuwa nimemwita kwa jina lake tangu siku ya ng'ombe. Akaganda.

"Mama, nimefunga. Kweli nimefunga."

Na alikuwa anaamini. Hakuwa anadanganya. Ningempa Biblia angeapa.

Nikapiga magoti kwenye nyasi, nikashika zipu mwenyewe, nikaingiza mkono kwenye paja la mkwe wangu mbele ya watu watano. Nikavuta. Mkanda ukaja wote mkononi mwangu, ncha yake haijaingia popote. Nikaenda upande wa pili. Vilevile. Nikaitoa nje yote miwili, nikaishika mbele ya macho yake.

Alizigusa ncha zote mbili kwa kidole. Halafu akashuka, akaenda hatua chache, akakaa chini kwenye nyasi akiwa na mabawa yake. Njoki akapita juu ya wenzake, akashuka, akakaa kando yake. "Ni mimi," akasema. "Ilikuwa kazi yangu." Kiprop akatikisa kichwa, akasema ni yake. Hawakubishana zaidi ya hapo. Siku hiyo hakuna aliyeruka. Mimi nilikwenda nyuma ya banda, nikalia hadi aproni ikalowa, kisha nikaifua, maana ilikuwa na matope pia.

Kufikia saa tano Bunge lilikuwa limerudi kazini. Hoja ilikuwa kama mathe alistahili kuikimbilia ndege au angempigia rubani simu. Wengi walisema simu. Nikawauliza nani kati yao ana namba ya rubani. Hakuna aliyekuwa nayo. Sasa iko ukutani, chini ya kanuni niliyoivunja.

Nyumbani habari ilinitangulia. Kaka yangu alipiga simu kutoka magharibi, sauti ya chini kabisa.

"Dada, ni kweli umemshika mkwe?"

"Ni kweli."

"Mahali gani?"

"Huko."

Akakata simu ili akae chini kwanza. Wiki mbili baadaye wazee wa pande zote mbili wakakutana kwetu kulisafisha jambo hilo. Kiprop alileta kondoo na blanketi, mimi nikatoa kuku na shuka. Njoki alikuja na maua kutoka shambani kwao na hoja kwamba kondoo aandikwe kwenye kanuni za klabu, na mzee mmoja akaanza kuikubali kabla hatujamweleza kwamba ni mzaha. Nafula alikuwa jikoni, hataki kumwangalia mumewe wala mimi. Alikuwa ameambiwa yote. Nilipoingia alinishika mkono, ule ule ulioshika mikanda, akaubana kwenye shavu lake, tukasimama hivyo mpaka sufuria ikafurika.

Wazee walitaka kusema jambo limesafishwa, lisirudiwe. Ndipo shangazi yangu, ambaye hajawahi kuona parachuti, akauliza kama mkwe ataendelea kuruka. Kiprop akasema ataendelea. Shangazi akauliza kama kuna mtu mwingine uwanjani mwenye mkono kama wangu. Kiprop akasema hapana.

"Basi amshike," shangazi akasema. "Lakini wasitazamane."

Wazee wakanong'ona, wakaona hoja yake haina kasoro, wakaomba nyama.

Tukafanya hivyo miaka mitano. Kila Jumamosi Kiprop alikuja, akafungua zipu, akageuza uso kuelekea Longonot. Mimi niligeuza wangu kuelekea bandani. Mkono ukaenda wenyewe, kushoto, kulia. "Imefunga," nikasema. "Asante, mama," akasema, akapanda ndege. Wageni walicheka wakituona. Waliokuwepo siku ile hawakucheka.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho, tulifanya hivyo hivyo, hakuna hotuba. Alipopanda nikarudi mezani na kuishika mikono yangu miwili chini ya meza mpaka itulie, maana ilikuwa inatetemeka, kama ilivyotetemeka kila Jumamosi tangu siku ya aproni. Sijawahi kumwambia mtu, na Nafula atalijua hili akisoma hapa. Nawaambia nyinyi kwa sababu hapo uwanjani mtamkagua mtu mnayempenda, iwe ni ndugu, rafiki au mume, naye atawaambia yuko sawa. Mikono itatetemeka. Iacheni itetemeke, na mvute mkanda.